Noah ya zamani, redio ya kanda, nyimbo ziko kwenye simu: nifanyeje?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Moshi, nimelifupisha kidogo: "Fundi habari. Nina Noah ya zamani, SR40 ya 1999, ilikuwa ya baba, sasa naendesha mimi ila yeye bado tunampeleka nayo kanisani na anapenda kusikiliza kanda zake za kwaya humo humo. Redio ni ile ya Toyota iliyokuja nayo toka Japani, ina kanda na CD, haina Bluetooth wala sehemu ya flashi. Nilinunua kile kidude cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, kinakwaruza balaa, nikitoka Moshi nikikaribia Boma Ng'ombe ndo kinaingiliana kabisa na vituo vya redio. Fundi wa hapa Majengo anasema dawa ni kutoa redio yote niweke redio ya Android, ile ya skrini. Baba hataki kusikia. Nifanyeje?"

Dada, mpe mzee shikamoo yangu na umwambie fundi wa Arusha yuko upande wake. Hiyo redio usiitoe. Sio kwamba Android ni mbaya, nafunga kila siku, lakini kwa shida uliyonayo wewe hapo unaambiwa ununue kitu kikubwa kutatua kitu kidogo, halafu mzee anabaki na kanda zake mkononi hana pa kuziweka. Nyimbo za simu zinaingia kwenye redio ya zamani vizuri tu, ishu ni zinaingilia mlango gani, na wewe umeuchagua ule mlango mbovu kuliko yote bila kuambiwa.

Tuanze na hicho kidude, moduleta, maana kuna jambo hapo wauzaji hawalisemi na sijui kama hata wanalijua. Moduleta ni kituo kidogo cha redio, inachukua wimbo kwenye simu inaurusha hewani kwa FM halafu redio ya gari inaudaka kama inavyodaka kituo chochote. Sasa redio ya kijapani haikutengenezwa kwa ajili yetu, kule kwao FM ya enzi hizo inaanzia megahezi 76 inaishia 90, sisi huku vituo viko kuanzia 87.5 mpaka 108. Na moduleta za madukani nyingi zinarusha hapo hapo kwetu, 87.5 mpaka 108. Kwahiyo hesabu mwenyewe, kati ya redio yako na moduleta yako sehemu wanayokutana ni 87.5 mpaka 90 tu, kipande kidogo sana, na humo humo kuna vituo vya kweli vyenye mitambo mikubwa milimani wakati wewe kituo chako kina nguvu ya kufika siti ya nyuma. Moshi mjini unaweza ukapata nafasi iko wazi, ukafurahi, ukija huku kwetu unaikuta nafasi hiyo hiyo ina mwenyewe, na katikati pale Boma kuelekea njia panda ya KIA unadaka vya Moshi na vya Arusha kwa pamoja. Kidude chako kinazidiwa nguvu tu hapo, hakijaharibika.

Halafu kuna swali nimekuuliza pembeni ukanijibu kwamba Sauti ya Injili mnaisikia vizuri na vituo vingine vya huku pia mnavipata. Basi hiyo Noah ina ekspanda. Ni kiboksi kidogo kinakaa kwenye waya wa antena nyuma ya redio, kazi yake kushusha masafa ya kwetu yaingie kwenye masafa ya mjapani. Kuna za kushusha 12, kuna 14, 16, 18, zinatofautiana. Ya kwako utaijua hivi: chukua kituo unachojua namba yake ya kweli, angalia kwenye redio kinasoma ngapi, toa. Mfano kituo cha 100.5 unakikuta kwenye 82.5, basi inashusha 18. Na kwa sababu redio yenyewe ina upana wa 14 tu haiwezi kumeza vituo vyetu vyote, yenye ekspanda ya 18 itadaka kuanzia 94 mpaka 108, hivyo vya chini ya hapo usivitafute, havipo.

Unaona sasa hicho kitu kinavyokuumiza kwenye moduleta? Wewe unaweka moduleta 88.3 na redio 88.3 ukidhani zimekutana, kumbe mawimbi yanapita kwenye antena yanashushwa yanakuwa 70.3, redio haifiki huko. Kinachosikika ni kile kidogo kinachovuja moja kwa moja bila kupita antena, ndo maana kinakwaruza hata gari likiwa limesimama nyumbani. Jaribu leo: weka moduleta 106.3, redio weka 88.3 (kama ekspanda ni ya 18, kama ni nyingine fanya hesabu yako), hakikisha tu hakuna kituo hapo, vuta antena mpaka mwisho, sauti ya simu ipandishe karibu na mwisho ila isifike mwisho kabisa, halafu ongezea kwenye redio. Utashangaa. Watu wengi wanaweka simu sauti nusu na redio mpaka mwisho, hapo unakuza na mkwaruzo wote.

Lakini hata ikikubali bado ni FM, na FM haibebi sauti zote za juu, inakatia kwenye kilohezi 15, na ukiwa safarini utabadilisha namba njiani. Mimi naihesabu moduleta kama kitu cha kusukumia siku mbili tatu wakati unajipanga.

Wewe una bahati moja ambayo watu wengi hawanayo siku hizi, una deki ya kanda. Kuna kaseti adapta, ni kama kanda ya kawaida ukiiona ila ndani haina utepe, ina kichwa kidogo cha sumaku kinachokaa uso kwa uso na kichwa cha kusomea cha deki, na waya unatoka unaenda kwenye simu. Simu inapeleka muziki kwenye kichwa cha adapta, kile kinatoa usumaku unaocheza kama ule wa kwenye utepe, deki inasoma inajua ni kanda. Hakuna hewani hapo, hakuna kuingiliana na kituo chochote kuanzia Himo mpaka Usa River. Zipo na za Bluetooth zenye betri ndogo ndani ya hiyo kanda yenyewe, zinachajiwa, hazina waya, na kama simu yako haina tundu la heedifoni ndo itakufaa zaidi.

Vitu vya kuangalia kwenye adapta ni hivi. Kwanza deki za Toyota zinageuza kanda zenyewe ikifika mwisho, na zinajua mwisho kwa kuhisi kama kile kigurudumu kinazunguka, kwahiyo adapta ya bei chee yenye vigurudumu vizito deki inadhani kanda imeisha, inageuza, inageuza tena, kwa-kwa-kwa, mwisho inaitema. Ikifanya hivyo bonyeza kitufe cha kugeuza upande uone upande wa pili, ikigoma kabisa rudisha dukani uchukue nyingine, usiilazimishe. Pili kama redio ina kitufe cha Dolby kizime, maana hicho kilitengenezwa kupunguza mchakacho wa utepe na kwenye adapta kinakufunika sauti za juu bure. Tatu safisha kichwa cha deki, chukua pamba ya masikio na spirit, pitisha taratibu kwenye kale kachuma kanakong'aa na kile kiroli cha raba, utatoka uchafu wa kahawia, hiyo ni mabaki ya kanda za mzee za miaka yote hiyo.

Na hapo hapo muulize mzee kama kwaya zake siku hizi zinaimba kwa kuyumba, sauti inalegea halafu inarudi. Kama ndivyo basi mkanda wa raba ndani ya deki umelegea, ubadilishwe, ni kitu kidogo fundi redio yeyote mzuri anakifanya. Adapta yenyewe haitayumba hata mkanda ukiwa umelegea, kwa sababu kwake hakuna utepe unaotembea, kwahiyo usije ukasema mbona simu inapiga sawa, basi deki ni nzima.

Sasa kama unataka kitu cha kudumu kabisa, hapo tunaingia nyuma ya redio. Redio nyingi za Toyota za miaka ile, kuanzia kama 1998 mpaka 2004 hivi, zilikuwa na soketi ya kuchomekea CD changer, lile boksi la CD sita lililokuwa linakaa chini ya siti au kwenye buti. Gari nyingi hazikuwahi kuwa na hilo boksi ila soketi ipo, imekaa tupu toka kiwandani. Na watu wametengeneza adapta inayojifanya ni hiyo changer, unaichomeka pale, redio inaamini ina boksi la CD nyuma, ukibonyeza CD mara ya pili au kile kitufe cha changer inahamia huko, kumbe kule kuna flashi, au aux (tundu la kuchomeka waya wa simu), au Bluetooth, inategemea umenunua ipi. Sauti inaingia moja kwa moja kwa waya, safi kabisa, na kanda na CD na redio zote zinabaki zinafanya kazi kama kawaida. Hii ndo naipenda kuliko zote na ndo ningemfungia mzee wangu.

Ila kabla ya kuagiza lazima uichomoe redio uone kwa macho. Toa kwanza negative ya betri, spana namba 10. Fremu ya plastiki ya dashbodi inashikwa na klipu, ivute kwa mkono au kwa kipande cha plastiki, sio bisibisi, na fanya mchana gari likiwa limepigwa jua kidogo maana asubuhi ya Moshi ya mwezi wa saba plastiki ya mwaka 1999 inakatika kama biskuti. Ukishaona boliti nne, mbili kila upande, fungua, vuta redio taratibu. Nyuma utaona waya wa antena, soketi nyeupe ya pini 10, nyingine ya pini 6, hizo mbili ndo umeme na spika. Kama kuna nyingine ya pini 12 iko wazi hakuna kitu kimechomekwa, hapo cheka, ndo yenyewe. Ila ziko za aina mbili, kuna ya zamani kubwa imegawanyika pini 5 na pini 7, na kuna iliyokuja baadae ndogo 6 kwa 6, adapta zake haziingiliani, kwahiyo piga picha nyuma yote pamoja na lile karatasi lenye namba ya redio, nenda dukani na picha. Mtu akikwambia "inaingia kwenye Toyota zote" ondoka.

Kama hakuna pini 12 bado kuna njia, ila hii sio ya kila fundi. Redio inafunguliwa, fundi wa elektroniki anatafuta pale sauti ya CD au ya kanda inapoingia kwenye IC, ile chipu inayoshughulika na volyumu, anakata hapo anaingiza aux yako kwa kupitia kapasita ili umeme wa ndani wa redio usirudi kwenye simu, halafu anaweka na swichi ndogo ya kuchagua. Ikifanywa na mtu anayesoma mchoro wa saketi inatoka vizuri mno. Ikifanywa na mtu anayegusa gusa mpaka isikike ndo unarudishiwa redio ina mngurumo na kanda haipigi tena. Kwako wewe mwenye kanda za mzee, kama sokoni hakuna huyo mtu, baki na kaseti adapta, haina aibu.

Mluzi. Utakutana nao kama utatumia aux huku simu inachaji kwenye kiberiti: mluzi mwembamba unaofuata mguu wako, ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Huo ni wa alternata, ile inayozalisha umeme wa gari, unaingia kwa sababu simu imepata negative sehemu mbili, moja kwenye chaja nyingine kwenye waya wa aux, na hizo sehemu mbili haziko sawa sawa. Chomoa chaja, ukinyamaza ujue ndo huo. Kuna kiboksi kidogo cha kutenganisha, kina transfoma mbili ndogo ndani, unakiweka katikati ya waya wa aux na kinaumaliza. Usikubali mtu akuambie ubadilishe alternata kwa ajili ya mluzi wa aux.

Sasa najua kuna wanaosoma hapa hawana kanda wala hawana mzee, wanataka Android yao, sawa, lakini naomba mnisikilize kwenye rangi za waya kwa sababu redio ninazoletewa zimeungua nyingi zimefia hapo. Redio za kununua zina rangi zake: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni negative. Gari ya Toyota ina rangi zake tofauti kabisa: umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, wa swichi ni kijivu, negative ni kahawia. Na nyekundu, nyeusi na njano zipo kwenye Toyota, ila ni waya za spika za nyuma! Mtu anakuja na tepu na wembe, anaunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, njano kwa njano, anawasha, kimya, au moshi. Kuna soketi ya kubadilisha ya Toyota inauzwa, upande mmoja inaingia kwenye gari upande mwingine unaungwa na redio mpya, bei yake haifiki popote ukilinganisha na redio, na soketi ya gari haikatwi. Fundi akishika koleo kutaka kukata soketi ya gari mwambie asubiri. Siku ukiuza gari au ukitaka kurudisha redio ya zamani utanishukuru.

Njano na nyekundu za redio mpya zikibadilishana redio inasahau kila kitu ukizima gari, saa, vituo, Bluetooth. Zote mbili zikiungwa kwenye umeme wa kudumu, Android haizimi vizuri, inakunywa betri usiku kucha na asubuhi unaomba watu wasukume. Negative za spika usizipeleke kwenye bodi ya gari hata moja, redio hizi zinaendesha waya zote mbili za spika na ukizigusisha na bodi unaua amplifaya ya ndani. Upana nao: redio nyingi za kununua zina milimita 180, nafasi ya Toyota ni 200, ndo maana unaona zingine zimebaki na mianya pembeni kama zimeazimwa, dai fremu za pembeni. Zile "50W x 4" za kwenye boksi zipuuze, kwa umeme wa gari na spika za omu 4, amplifaya ya ndani ya redio ikitoa wati 20 safi kwa spika imejitahidi. Na ukishafunga ingia kwenye setingi za redio uchague eneo la FM lisiwe Japani, halafu muambie fundi aitoe ekspanda kwenye waya wa antena, la sivyo vituo vyote vitakuwa vimehama na utaanza kulaumu redio mpya.

Wenye Coaster, Canter na zile Land Cruiser za utalii zenye betri mbili kwa mfululizo, gari yako ni volti 24, redio ni volti 12. Nunua konveta ya kushusha umeme. Ule ujanja wa kuchukua umeme kwenye betri moja peke yake uacheni jamani, betri moja inanyonywa nyingine inajazwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa kabla ya wakati.

Turudi kwako dada. Leo jaribu hiyo hesabu ya moduleta, haina gharama. Jumamosi tafuta kaseti adapta. Ukija kufungua redio kuangalia pini 12, kaa pale pale pembeni ya fundi, usiende kunywa chai, na kabla hajarudisha fremu weka kanda ya mzee ipige pande zote mbili, weka CD, washa taa uone kama vitufe vinawaka, zungusha sauti kushoto kulia mbele nyuma usikie spika zote nne, maana fremu ikisharudi na boliti zikafungwa ndo utaambiwa "hiyo spika ilikuwa haipigi toka mwanzo".